Jiwe la Nyuma

Binti alimkimbilia baba yake mlangoni kama jioni zote, akamkumbatia tumboni, kisha akapiga ukelele uliomfanya mama yake atoe mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Mama! Mikono imekutana!"

Ulikuwa mchezo wao wa siku nyingi. Mtoto huzungusha mikono kwenye tumbo la baba yake, hubana shavu pale penye vifungo vya shati, hujivuta mpaka visigino vinyanyuke, na vidole vyake huishia mbavuni bila kuonana. Baba humwambia, "Kula ukue, iko siku vitasalimiana." Leo vilikuwa vimesalimiana, hata vimeshikana, na mtoto aliruka kwa furaha kwa sababu aliamini ni yeye aliyekua.

"Hongera, umekuwa mtu mzima," baba alisema, akaitoa mikono ile polepole. "Nenda kamwonyeshe mjomba wako."

Mama alirudisha mguu kwenye kanyagio. Siku chache nyuma, alipokuwa akifua, alikuta mkanda wa mumewe umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na mbele ya tundu hilo jingine. Kiuno kile alikuwa akikipima kwa utepe wake tangu uchumba. Hakuhitaji kuambiwa.

Mtoto alipotoka aliuliza bila kugeuka, "Utaniambia, au nisubiri niambiwe na majirani?"

"Joto tu. Ghalani hakukaliki."

"Joto limekuanza mwaka huu?"

Mume alikaa kwenye stuli ya wateja, akavua kofia, akaiweka gotini. "Ni sukari," alisema. "Ile siku niliyosema nakwenda kunyoa, nilikwenda zahanati."

"Nikashangaa umerudi na nywele zako."

Wote wawili walicheka, kisha kicheko kikakosa pa kwenda. Mke alikata uzi kwa meno.

"Wamekupa dawa?"

"Wamenipa. Dawa si tatizo, mwenzangu. Nitaendelea kukonda kwanza, wanasema, kabla mwili haujatulia. Na ghalani wakijua nakonda, nimekwisha."

Ghalani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Jiwe. Foklifti ina meno mbele ya kubebea mzigo, na nyuma ina donge kubwa la chuma linaloizuia isianguke kifudifudi; makuli huliita donge hilo jiwe. Mzigo ukiizidi mashine, mkia huanza kunyanyuka, magurudumu ya nyuma yakaelea, na hapo huitwa watu wakalikalie lile jiwe mpaka mzigo ufike unakokwenda. Kwenye maghala mengine huitwa watu kadhaa. Hapa aliitwa mmoja. Alipanda, akakaa, mkia ukashuka kama mbwa aliyefokewa, kazi ikaendelea. Kwa ajili hiyo alipewa kitu kidogo zaidi ya wenzake, na miezi ambayo makuli wengine waliambiwa wakapumzike nyumbani, yeye alibaki.

"Jiwe haliachishwi kazi," alizoea kujitapa, akilipiga tumbo lake kama mtu anayekagua gunia.

Dereva wa foklifti hiyo alikuwa mdogo wa mkewe, aliyepanga chumba cha uani kwao. Wawili hao walitaniana tangu siku ya harusi bila kuchoka. "Nyinyi wenzangu mna mashemeji," dereva aliwaambia makuli. "Mimi nina spea ya mashine."

Kwa hiyo mke alielewa vizuri neno lile, nimekwisha. Alivuta nguo aliyokuwa akishona, akaiangalia kama si yake.

"Nishonee kizibao," mume alisema.

"Cha nini?"

"Cha turubai. Kiwe na mifuko mingi, mbele na nyuma, midomo yake ishonwe. Nitakivaa ndani ya koti."

"Mifuko ya kutia nini?"

"Mchanga."

Mke alicheka. Alicheka mpaka mkasi ukamtoka mkononi. Halafu alimtazama mumewe usoni, akainama, akauokota mkasi.

Mchanga ulitoka kwa jirani aliyekuwa akiongeza chumba. Mke aliuchekecha kwa chujio la jikoni ili usiwe na kokoto za kumchoma mtu mbavuni, akaukausha, akaumimina mfuko kwa mfuko, na kila mdomo akaupitisha kwenye sindano mara mbili. Sindano ilivunjika, akaweka nyingine. Mfuko wa mwisho, wa chini ya kwapa la kushoto, aliupitisha mara moja tu. Mteja aliyekuja kuchukua sare za shule alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa yake, na mke akajiambia ataurudia baadaye.

"Vaa nikuone. Geuka. Unapumua?"

"Napumua kama mtu mwenye kilo zake."

"Na mdogo wangu tumwambie?"

"Thubutu. Akijua atakuwa ananitazama mimi badala ya kutazama mzigo."

Kizibao kilifanya kazi. Mkia ulishuka kama zamani, na hakuna aliyeuliza zaidi ya kumtania kwamba siku hizi ana baridi za kizee. Jioni alikivua chumbani, akakiegemeza ukutani, nacho kikasimama peke yake bila mtu ndani. Mtoto alikiogopa. Mabega ya mume yalikuwa na michirizi myekundu, na mkewe aliyapaka mafuta.

Kilichobadilika ni mizigo. Tangu mwanzo ghala lile lilikuwa la magunia. Sasa tajiri, mwenye ghala, alipata mteja wa vioo vya madirisha, na vioo vilikuja vimelazwa ndani ya makasha ya mbao, marefu kama vitanda viwili vilivyounganishwa.

Jioni moja dereva aliingia chumba cha mbele, akamkuta shemeji yake bado na koti.

"Shemeji, uso umekonda tumbo limebaki. Unakula kwa upande mmoja?"

"Uso ndio unaofanya kazi. Tumbo liko likizo."

Dereva alicheka, akakaa sakafuni karibu na meza ya pasi, miguu ameinyoosha. Mpwa wake alikuja kumlalia mapajani. Baada ya muda alisema, "Yale makasha ya vioo siyapendi."

"Kasha si tani mbili? Na mashine si tani mbili na nusu? Umebakiwa na nusu nzima, unalalamika nini?"

"Wewe na tajiri mmesoma darasa moja." Dereva alinyoosha mkono, akachukua pasi ya mkaa iliyokuwa imepoa. "Shika hii. Ibane kifuani. Nzito?"

"Pasi gani itanishinda mimi?"

"Sasa nyoosha mkono mbele. Usikunje. Kabisa. Kaa hivyo hivyo tuongee habari nyingine. Dada, mboga iko wapi leo?"

Mkono ulikaa, kisha ukaanza kutikisika. Mtoto alipiga makofi. "Baba anatetemeka! Baba ameshindwa na pasi!" Mama hakucheka. Alijua kwamba zamani mkono ule usingechoka upesi namna hiyo.

"Pasi imeongezeka uzito?" dereva aliuliza.

"Haijaongezeka."

"Basi kasha la vioo ndilo hilo. Kilo zake ni zilezile, lakini kwa sababu ni refu, uzito wake umekaa mbali na mwili wa mashine. Ile tani mbili na nusu ni ya mzigo uliobanwa kifuani. Mzigo ukienda mbele, mashine inaweza kidogo kuliko hapo. Ukiupandisha juu, inaweza kidogo zaidi. Kuna kibati ubavuni mwake, kimeandika yote, hata picha kimechora. Tatizo watu wakishaisikia hiyo namba kubwa, hawasomi mstari wa pili."

"Sasa mbona hukumwambia tajiri anunue mashine kubwa? Si alikupeleka mnadani ukamchagulie?"

Dereva alimpokea ile pasi, akairudisha mezani taratibu, akaigeuza ikae sawa.

"Kubwa ungekaa wapi, shemeji? Ile nyuma yake inajitosheleza. Hakuna hata pa kuweka kikombe cha chai."

Walicheka wote. Jiwe alicheka mpaka mchanga ukamsugua kwapani, akanyamaza haraka na kujikuna kama mtu aliyeumwa na mdudu.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, na lori la vioo lilichelewa kufika. Lilipofika, dereva wake alikuwa na haraka ya kuondoka, tajiri naye alikuwa na haraka ya kupata nafasi, na rafu za chini zilikuwa zimejaa. Kasha lililobaki lilitakiwa kupandishwa rafu ya juu.

Jiwe alikuwa akikatiza ghala kwenda kupanda nyuma ya mashine. Kuli mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliinama sakafuni.

"Jamani, nani anamwaga?"

Kulikuwa na mstari mwembamba wa mchanga sakafuni, umenyooka vizuri, umeanzia mlango mkubwa. Redio aliufuata kwa kidole kama mtoto anayesoma, akapita karibu na mizani, akazunguka nguzo, akafika kwenye viatu vya Jiwe. Mchanga ulikuwa bado unadondoka kutoka chini ya koti, upande wa kushoto.

"Jiwe anavuja!" Redio alipiga kelele. "Njooni muone! Jiwe limeanza kusagika!"

Makuli walicheka kwa vile hawakujua wanachocheka. Mmoja alikinga kofia yake chini ya koti, mwingine akasema aletewe na saruji. Msimamizi wa ghala, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia, "Fungua koti, kaka. Una nini humo?" Jiwe alifungua koti. Kicheko kiliendelea kidogo, kisha kikaanza kukatika kimoja kimoja, mpaka akabaki Redio peke yake, naye akafunga mdomo. Chini ya turubai lile shati lilikuwa limelowa jasho na limemlegea kama limetundikwa kwenye kamba.

Alikivua kizibao. Hakuna aliyemlazimisha. Alikitundika kwenye msumari wa ukutani, msumari ukapinda.

Shemeji yake aliyaona yote akiwa juu ya kiti. Alizima mashine, akashuka.

"Umepungua tangu lini?"

"Endesha, shemeji. Watu wanatazama."

"Nauliza tangu lini."

"Nimesema endesha."

Dereva alimwacha, akamwendea tajiri aliyekuwa akizungumza kwa simu mlangoni. "Bosi, hili kasha tusilipandishe. Tulifungue hapa chini, tubebe kioo kimoja kimoja kwa mikono."

"Mpaka kesho kutwa? Lori linasubiri." Tajiri aliziba simu kwa kiganja. "Sikiliza. Siku ile mnadani nilikuuliza, ukaniambia itatosha. Nakuuliza tena. Mashine inatosha au haitoshi?"

Jiwe alikuwa ameshapanda nyuma, mbali, na hakuyasikia maneno hayo. Dereva aligeuka akamwona amekaa pale, ameshika chuma kwa mikono miwili, anatazama chini. Angesema haitoshi, lingefuata swali la pili, na la tatu, na shemeji yake asingefika mwisho wa wiki pale kazini.

"Mwongezeni mtu nyuma," alisema.

Redio alipanda kukaa karibu na Jiwe. Alikuwa mpole ghafla. "Nisamehe, mzee," alisema, "mdomo wangu huu." Jiwe alimwambia asogee, anamkalia koti.

Kasha lilinyanyuka. Chini lilikuwa tulivu. Mashine ilisogea mpaka kwenye rafu, ikasimama, na mlingoti ukaanza kupanda. Lilipopita usawa wa vichwa vya watu, Jiwe alihisi chuma kikimsukuma kutoka chini, taratibu, kama mtu anayemwamsha. Alijikaza. Alijaribu kuwa mzito. Alibana pumzi, akajivuta chini kwa mikono, akawaza tumbo lake la zamani.

"Jiwe, kaa!" dereva alipaza sauti.

"Nimekaa!"

Mkia uliendelea kunyanyuka. Redio aliruka. Jiwe hakuruka. Alibaki amekaa mpaka mashine ilipoinamisha uso na kasha likachomoka kwenye meno, na sauti ya vioo ikafunika sauti nyingine zote. Mashine ilipokosa mzigo ilirudi nyuma kwa nguvu, ikayumba, ikalala ubavu. Jiwe alitupwa kwenye magunia, akainuka na kiwiko kilichochubuka. Dereva alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje, na chuma cha paa la mashine kilimkuta kiunoni.

Hospitali walimwambia dada mtu alete shuka zake. Alizishona saa ileile kwa kitambaa cha mteja, akazipiga pasi, akazibeba kifuani.

Mumewe alikuwa kwenye benchi la nje. Hakutaka kuingia. Alipoambiwa kuna dawa za kununua alikimbia kuzinunua, alipoambiwa kuna maji ya kuteka aliteka, lakini mlango ule hakuupita. "Mwambie nipo," alisema. "Usimwambie kingine."

Dereva alikuwa na akili zake timamu, na hilo lilimpa dadake moyo. Alikuwa anaona baridi tu, tena kwenye joto lile.

"Yuko wapi?"

"Nje, kwenye benchi."

"Anasemaje?"

"Anasema amekuua."

"Mwambie asinizike mapema." Alitaka kucheka, maumivu yakamkataza. Alisubiri yapite. "Dada, ule mchanga usingefaa kitu. Hata angekuwa na tumbo lake lote. Hata wangekaa watatu kama yeye."

"Umejuaje?"

"Nilijua tangu mnadani."

Dada alivuta kiti karibu.

"Mashine zilikuwa mbili," mdogo wake alisema, "zimeegeshwa pamoja. Tajiri aliniuliza, ipi? Hela alikuwa nazo, alikuwa tayari kwa yoyote. Ile kubwa ilikuwa ndiyo. Niliiwasha, nikaipanda, nikashuka nikaizunguka. Nilipofika nyuma yake nikasimama. Nikaona hii ikiingia ghalani, shemeji anarudi kwako kesho yake hana kazi. Nikamwambia, bosi, ndogo itatosha. Jiwe yupo."

"Mdogo wangu."

"Tulikuwa na magunia tu wakati ule. Magunia iliyaweza. Nani alijua habari za vioo? Halafu vioo vikaja, na mimi nikashindwa pa kuanzia. Ningesema mashine haifai, angeniuliza, si wewe uliyeichagua?" Alifumba macho. "Nilijua ipi ni sahihi, dada. Sikukosea kwa kutojua."

Dada alimshika mkono. Ulikuwa na grisi kwenye kucha, ileile ambayo kila siku alimkaripia kwayo asishike nguo za wateja.

"Mwambie yote," mdogo wake alisema. "Asijibebeshe bure."

"Nitamwambia."

"Yote."

"Nimesikia. Pumzika."

Walimpeleka chumba cha upasuaji na hakurudi. Shuka zilirudi nyumbani zikiwa bado na mikunjo ya pasi.

Msiba ulikuwa uani, mbele ya chumba cha marehemu, viti vya kuazima. Tajiri alikuja na gari, akatoa rambirambi yake kwenye bahasha, akawapa pole wote waliostahili. Alikaa. Alipopewa maji alikunywa. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani yake lakini anataka kusikika, alisema:

"Mimi sina maneno mabaya. Yule kijana nilimpenda. Lakini nilikuwa namlipa mtu kwa uzito wake, kumbe uzito ni mchanga. Muuza duka akichanganya mchanga kwenye sukari anafungwa."

Mtu mmoja alikohoa. Jiwe alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango wa chumba cha shemeji yake, amevaa suruali iliyokunjwa kiunoni kama mdomo wa gunia. Alitikisa kichwa kukubali. Hicho ndicho kilichomuumiza mkewe zaidi ya maneno yenyewe, kwamba alikubali, kama mwanafunzi aliyekosa hesabu.

Mke alikuwa na jibu. Lilikuwa kooni, limekamilika, lingemfanya tajiri ainuke na bahasha yake. Lakini jibu lile lisingeishia kwa tajiri. Lingeruka viti vyote lifike pale mlangoni. Alichukua bilauri tupu mkononi mwa tajiri, akaenda kuisuuza.

Usiku watu walipotawanyika, alikaa kitandani upande wa mumewe.

"Alisema mchanga usingefaa kitu. Aliniambia mwenyewe. Alisema hata wangekaa watatu kama wewe, ingeanguka tu."

"Alisema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

Mume alifikiri. "Alikuwa mtu mwema," alisema. "Angesema lolote nisijisikie vibaya."

"Alisema kwa sababu anaijua mashine."

"Mwenzangu, mkia ulinyanyuka polepole. Polepole kabisa. Nilikuwa juu yake, najua. Kilikuwa kitu kidogo tu kilichopungua. Kidogo kama kile kizibao." Aligeukia ukutani. "Au kama mfuko mmoja."

Mke alifungua mdomo. Ule mfuko mmoja ulikuwa wake, wa chini ya kwapa, uliopita sindanoni mara moja. Na nyuma ya neno hilo lilikuwapo lile jingine, kubwa zaidi, aliloahidi. Alijaribu kulipanga: mdogo wake alijua mashine ni ndogo kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua. Mumewe angeuliza, kwa nini aichague? Naye angejibu nini, kwa sababu yako? Kwa ajili ya sahani yako na ya mtoto wako? Angemtoa mumewe mchanga begani amtwishe mtu mzima.

"Lala," alisema.

Arobaini ilipopita, Jiwe alitumiwa ujumbe aende ghalani. Alivaa shati safi. Mkewe alimpunguzia suruali kwa mara ya kwanza, akaikata hasa, hakuikunja, na kwa kiuno kipya alionekana kijana kwa mbali. Dawa zilikuwa zimeanza kumshika, hakondi tena. Mtoto hakuudai tena mchezo wa kukumbatia.

Alirudi kabla ya chakula, na mfuko wa plastiki mkononi. Mkewe alizima redio ya jirani kwa kufunga dirisha.

"Wamesemaje?"

"Tajiri amenishukuru." Alikaa kwenye stuli ya wateja. "Amesema nikapumzike, wataniita. Amenipa na hiki. Msimamizi alikiondoa pale msumarini, amekiweka muda wote kwenye kabati lake."

Mke alipokea mfuko. Aliutambua kwa uzito kabla hajaufungua. Alikitoa kizibao, akakilaza mapajani, akatafuta kiwembe chake cha kufumulia.

"Wameleta mashine mpya," mume alisema. "Kubwa. Imenyanyua kasha la vioo mbele ya macho yangu, refu kama lile, ikapandisha mpaka rafu ya juu, kama mtu anayeinua sinia. Nyuma yake hakuna mtu. Wala hakuna pa kukaa mtu. Redio alinishika mkono tukasimama tunaitazama, hata yeye hakuwa na la kusema."

Mke alichoma kiwembe kwenye mshono wa kwanza, akavuta.

"Nimekuwa najiuliza njia nzima," mume aliendelea. "Kumbe ipo mashine ya kufanya kazi ile. Ilikuwapo siku zote. Sasa kwa nini haikununuliwa hiyo tangu mwanzo?" Alivua kofia, akaiweka gotini. "Halafu nikakumbuka niliwahi kumuuliza shemeji. Hapa hapa. Ile siku ya pasi. Nilimuuliza swali hilohilo, akanijibu kitu, tukacheka sana. Alijibu nini vile?"

Mchanga ulikuwa ukitoka kwenye mfuko wa kwanza, ukishuka kati ya magoti ya mkewe, ukijilundika juu ya vipande vya nguo sakafuni. Alisubiri uishe. Alilikumbuka kila neno, na namna mkono ulivyoigeuza pasi ikae sawa.

"Sikumbuki," alisema. "Mlikuwa mnataniana tu, kama kawaida yenu."

"Ilikuwa kuhusu kikombe," mume alisema. "Kikombe cha nini?"

Mke aliinamisha kichwa karibu zaidi na turubai, akatafuta mshono wa pili kwa kidole.